Kuuza Ua: Mibuni ya Ngara, Soko la London na Watu wa Lukole

Mhadhara kwa wakulima, walimu na wanafunzi, Ngara mjini

 

Mama yangu aliuza kahawa ikiwa bado ua. Ilikuwa Oktoba, mvua za kwanza zimeshapita, shamba zima limekuwa jeupe na kunukia, na mdogo wangu alikuwa amelazwa hospitalini. Mnunuzi akaja asubuhi. Alipita katikati ya mibuni akiwa ameweka mikono nyuma, akatazama matawi, akakadiria debe kwa macho, akataja bei, akahesabu noti juu ya kinu cha mama kilichokuwa kimefudikizwa uani. Mkataba wetu uliishia hapo. Mwezi wa sita tulichuma, tukaanika, tukachambua, tukamfungia magunia. Siku anayachukua, kahawa ilikuwa inauzwa mara tatu ya alichotulipa. Mama hakulalamika. Mtoto alikuwa amepona.

Kagera nzima biashara hii tunaiita butura. Kila msimu viongozi huipiga marufuku, na kila msimu hurudi, kwa sababu marufuku hailipi kitanda cha hospitali. Nimeombwa nizungumzie mwelekeo wa muda mrefu wa biashara ya mikataba ya baadaye katika mazao kama kahawa na maji ya matunda. Naanza na butura kwa makusudi. Mikataba inayouzwa London na New York ni ndugu wa damu wa kile alichofanya mama yangu. Kote kuwili mtu anauza leo mzigo atakaoutoa miezi ijayo. Tofauti ni kwamba wa London akiona bei imemgeukia anaweza kutoka sokoni mchana huohuo. Mama hakuwa na mlango wa kutokea.

Niwaeleze kidogo jinsi soko hilo linavyofanya kazi, kwa maana wengi wetu tunalisikia redioni kama tunavyosikia hali ya hewa ya nchi nyingine. Kahawa aina ya robusta huuzwa London kwa mikataba ya tani 10, na bei yake hutajwa kwa dola kwa tani. Aina ya arabika huuzwa New York, ambako soko la kahawa lilianzishwa mwaka 1882, na mkataba mmoja ni ratili 37,500, yaani kama tani 17, au magunia 283 ya kilo 60. Bei yake hutajwa kwa senti za dola kwa ratili. Kila mkataba una mwezi wake. Kwa arabika ni Machi, Mei, Julai, Septemba na Desemba. Anayenunua au kuuza huweka dhamana, sehemu ndogo tu ya thamani ya mzigo, na kila jioni hesabu hupigwa: bei ikimwendea kinyume anaongeza fedha, ikimwendea vizuri anaongezewa. Mikataba iliyo mingi hufungwa kabla hata gunia moja halijasogezwa ghalani. Ndiyo maana wakazi wa miji ambao hawajawahi kuona mbuni wanaweza kununua na kuuza kahawa kutwa nzima.

Wengine huona huo ni wizi mtupu. Mimi siamini hivyo. Mwenye kiwanda cha kukaanga anataka kujua atalipa nini mwakani, na msafirishaji aliyenunua kahawa Mei anaogopa bei itaanguka kabla ya meli kufika. Anayekubali kubeba hofu yao kwa malipo anafanya kazi halali. Ubaya unakuja pale anayebebeshwa hofu hiyo ni yule asiyelipwa kitu kwa kuibeba. Huku kwetu huyo ni mkulima.

Sasa nitazame nyuma, maana hakuna anayeweza kuzungumza juu ya miaka 10 ijayo bila kujua ile 50 iliyopita. Usiku wa kuamkia tarehe 18 Julai 1975 baridi kali iliunguza mashamba ya kahawa katika jimbo la Paraná, Brazili. Mamilioni kwa mamilioni ya miti yalikauka hadi kwenye shina. Bei ilianza kupanda, na mwaka 1977 arabika ikapita dola 3 kwa ratili. Wazee mliopo hapa mnaikumbuka miaka ile. Uganda ilikuwa chini ya Idi Amin, wakulima wake walilipwa kiduchu kwa fedha isiyonunua kitu, basi kahawa ikavuka mpaka kuingia Kenya kwa kichwa, kwa punda na kwa baiskeli. Kijiji cha Chepkube, upande wa Bungoma, kikageuka soko la magendo lililowatajirisha watu kwa usiku mmoja. Mwenendo huohuo tunao huku Kagera hadi leo. Bei ya Uganda ikiwa nzuri kuliko yetu, gunia linajua njia bila kuonyeshwa.

Ningependa mtazame zaidi yaliyofuata kuliko ile baridi yenyewe. Bei ya juu iliwafanya watu wa nchi nyingi wapande. Mbuni huchukua miaka mitatu au minne kuzaa vya kutosha. Kwa hiyo kahawa iliyopandwa kwa tamaa ya bei ya 1977 ilifika sokoni pamoja, wakati bei ile ilikuwa imeshaondoka. Huu ndio ugonjwa wa zao la mti. Mahindi hukosea msimu mmoja na kujirekebisha msimu unaofuata. Kahawa ikikosea, kosa linasimama shambani miaka 30.

Kwa muda fulani dunia ilijaribu kulizuia kosa hilo. Tangu mwaka 1962 kulikuwa na Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa, ambamo nchi wauzaji na nchi wanunuzi zilikubaliana kugawana viwango vya kuuza ili bei isiporomoke. Haukuwa mkataba wa haki kwa kila mtu, lakini ulikuwa na sakafu. Mwezi Julai 1989 viwango hivyo vikavunjika, kila nchi ikamwaga kahawa iliyokuwa ghalani, na bei ikashuka karibu nusu.

Hapa ndipo hadithi inapofika kwetu, kwenye kambi ya wakimbizi ya Lukole.

Burundi na Rwanda wakati ule zilitegemea kahawa kwa sehemu kubwa mno ya fedha za kigeni. Katika nyumba ya mkulima wa Muyinga au Kirundo, kule Burundi, kahawa, ambayo Warundi huiita “ikawa”, ndiyo iliyonunua bati, chumvi na daftari. Sitasema kwamba bei ya kahawa ilileta vita vilivyozikumba nchi hizo. Vita vililetwa na watu waliovitaka, na kuutupia mti damu ile ni kuwaondolea lawama walioimwaga. Nasema tu kwamba hazina za serikali na mifuko ya watu vilikuwa vimekauka, na nyumba kavu hushika moto upesi. Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye aliuawa Bujumbura, na Warundi wakaanza kumiminika kuja kwetu. Mwishoni mwa Aprili 1994 Wanyarwanda kama 250,000 walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara ndani ya siku moja, wakaweka makazi Benaco. Lukole ilijaa Warundi, ikafika zaidi ya watu 100,000, ikawa mji mkubwa kuliko wowote wilayani Ngara, na ikaendelea hadi ilipofungwa mwaka 2008.

Nilikuwa kijana, nikifanya biashara ndogo ya sabuni na chumvi pembezoni mwa kambi. Nilijifunza bei pale zaidi kuliko nilivyojifunza darasani baadaye. Mgao ulileta mahindi, maharage na mafuta, na watu waliuza sehemu ya mgao ili wapate ndizi, mboga, sigara, ada ya kusagisha. Wachumi waliochunguza takwimu za Kagera za miaka ile walikuta kwamba bei za vyakula visivyokuwamo kwenye mgao, kama ndizi, zilipanda sana, na zile za vyakula vya msaada zilipanda kidogo tu. Aliyekuwa na migomba Ngara alifaidi. Kibarua aliyekuwa akilima kwa ujira alishindana na maelfu waliokuwa tayari kulima kwa chochote. Tukio moja, kijiji kimoja, na bei ikampandisha jirani huyu na kumshusha yule.

Kitu nilichokiona Lukole ambacho sijawahi kukisahau ni namna watu walivyopanda. Walipanda mchicha, maharage, viazi vitamu. Wakulima hodari waliotoka katika milima iliyojaa kahawa walipanda vitu vya miezi mitatu, pembeni mwa kibanda cha plastiki. Mti wa miaka minne haupandwi na mtu asiyejua kama kesho ataamshwa aondoke, na ardhi haikuwa yao. Nilipokuja kusoma uchumi, wahadhiri wakatufundisha habari za upeo wa muda na gharama ya kusubiri, niliona sura za watu wa Lukole. Walikuwa na ujuzi wote wa kilimo. Walichonyang'anywa ni wakati.

Na mama yangu, aliyekuwa na shamba lake na hati ya kimila, alinyang'anywa wakati kwa njia nyingine, ya hospitali na noti za mkononi. Hili ndilo ninalotaka mlishike katika yote nitakayosema juu ya bei za mbele. Soko la muda mrefu huwalipa wenye uwezo wa kusubiri. Maarifa ya kubashiri bei husaidia kidogo. Pumzi husaidia zaidi.

Turudi kwenye bei. Mwaka 2001 ulikuwa mbaya kuliko yote niliyoiona. Vietnam, ambayo miaka 15 kabla haikuhesabiwa kabisa, ilikuwa imekuwa mzalishaji wa pili duniani nyuma ya Brazili. Arabika ikaanguka chini ya senti 50 kwa ratili New York, robusta chini ya dola 400 kwa tani London. Huku Kagera ugonjwa wa mnyauko fusari ulikuwa tayari unaua robusta, na watu wakaona hakuna faida hata ya kuchuma. Miaka 10 baadaye, 2011, arabika ilipita dola 3. Ikashuka. Julai 2021 baridi ikapiga tena Brazili, ukame ukafuata huko na Vietnam, na mapema mwaka 2025 arabika ikavuka dola 4 kwa ratili, bei ambayo ilikuwa haijapata kuonekana katika hesabu za soko lile. Robusta ikapita dola 5,000 kwa tani.

Tupige hesabu ya darasani ili takwimu hizo ziingie nyumbani. Dola 5,000 kwa tani ni dola 5 kwa kilo ya kahawa safi. Tuseme dola moja ni shilingi 2,600: hizo ni shilingi 13,000. Kilo moja ya kahawa safi hutoka katika kilo mbili hivi za maganda, yaani kahawa kavu isiyokobolewa. Basi kila kilo ya maganda inabeba kama shilingi 6,500 kabla ya kukoboa, usafiri, tozo na faida za wote waliopo katikati. Vijana, andikeni hesabu hii nyuma ya daftari. Siku mnunuzi akiwaambia bei, mtajua anasimama wapi. Kwa miaka mingi baba zenu hawakuwa na namna ya kujua. Sasa minada imeletwa huku Kagera, inaendeshwa kwa kompyuta kupitia Soko la Bidhaa Tanzania, TMX, na vyama vya msingi vya ushirika vinapeleka mizigo yao humo. Ina kasoro zake, na malipo yakichelewa wiki mbili tu, butura inapata wateja wapya. Lakini bei kusomwa hadharani ni jambo kubwa, na ningependa lisirudishwe nyuma.

Na maji ya machungwa? Niliombwa nisiyaache, nami sitayaacha, kwa sababu yanafundisha kitu ambacho kahawa haifundishi. Mkataba wa maji ya machungwa yaliyogandishwa ulianza New York mwaka 1966, na roho yake ilikuwa Florida. Mwaka 2005 Florida wakagundua ugonjwa wa michungwa unaoenezwa na kidudu kidogo, ambao huifanya michungwa idhoofike na matunda kubaki ya kijani na machungu. Msimu wa 2003/04 jimbo lile lilivuna maboksi milioni 242. Msimu wa 2024/25 yalikuwa kama milioni 12. Kimbunga Ian cha Septemba 2022 nacho kilipita katikati ya mashamba. Bei ikapanda hadi zaidi ya dola 5 kwa ratili mwishoni mwa 2024, kisha katika miezi michache ya 2025 ikaanguka chini ya nusu yake.

Ilianguka wakati michungwa ya Florida ilikuwa bado haijapona. Wanywaji walikuwa wameacha. Mtu aliyezoea glasi ya maji ya machungwa asubuhi akiona bei imezidi hunywa maji, au soda, na baada ya mwaka amesahau. Mnywaji wa kahawa hunung'unika na kulipa. Hii ndiyo sababu naiamini kahawa zaidi kwa muda mrefu. Na kwa wale wanaofikiria kilimo cha machungwa cha Muheza: mkulima wa kule naye huuzia matunda mtini, kwa mchuuzi anayekuja na lori, mara nyingi lori la kwenda Kenya, kwa sababu chungwa likiiva halina ghala. Kahawa kavu hukaa. Ndugu zangu, tuna zao linaloweza kusubiri kuliko sisi wenyewe.

Sasa nitoe hukumu yangu, na mwenye kunipinga ataipata nafasi baadaye. Bei za mapema 2025 hazitadumu. Soko lenyewe lilikuwa linasema hivyo: mikataba ya miezi ya karibu iliuzwa ghali kuliko ya miezi ya mbali, na hiyo ni ishara ya njaa ya sasa, ya mtu anayehitaji gunia leo na si mwakani. Wakati huo huo Brazili na kwingineko watu walikuwa wanapanda, na miche ile itazaa. Siasa nayo iliingia. Agosti 2025 Marekani ilipandisha ushuru wa bidhaa nyingi za Brazili hadi asilimia 50, na Novemba ikaiondolea kahawa ushuru huo. Mambo kama hayo husukuma bei wiki kadhaa. Miti ndiyo inayoisukuma miaka.

Lakini sitarajii pia turudi kwenye shimo la 2001 na kukaa humo. Joto limebadilisha hesabu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 juu ya arabika ya Tanzania ulionyesha kwamba kila nyuzi moja ya joto la usiku inapoongezeka, mavuno hupungua kwa kilo 137 hivi kwa hekta. Joto la usiku, wazee wangu, lile tunalolisikia tukiwa tumelala na kujifunua shuka. Kama hali ni hiyo hapa, ni hiyo pia katika nyanda za Brazili, na kila mwaka mahali fulani patakosa. Kwa hiyo natarajia miaka ya bei kupanda na kushuka kwa kasi kuliko waliyoizoea baba zetu, juu ya sakafu iliyoinuka kidogo. Panda kahawa, lakini fanya hesabu ya ada na bati kwa nusu ya bei ya leo. Shamba lisilomlisha mtu kwa nusu ya bei halitamlisha.

Wapo watakaouliza kama chama cha msingi cha Ngara kinaweza kuingia London chenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 KNCU, chama kikuu cha Kilimanjaro, kilijaribu kwa msaada wa wataalamu wa Benki ya Dunia. Kilinunua haki ya kuuza kwa bei isiyopungua kiwango fulani. Ni kama bima: unalipa ada mwanzo wa msimu, bei ikianguka unalipwa tofauti, bei ikipanda unasahau ada yako na kufurahia soko. Nadhani hiyo ndiyo njia pekee ya heshima kwa chama kidogo kukaribia soko lile. Kuuza mikataba yenyewe kwa dhamana, na kutakiwa kuongeza fedha kila jioni bei inapopanda, ni jambo linaloweza kukifilisi chama katika mwaka uleule ambao wanachama wake wangetajirika. Ila hata bima hiyo inataka magunia mengi kwa pamoja, hesabu safi, na katibu asiyeogopa kufungua vitabu mbele ya wanachama.

Kabla ya bima ya London, tujenge bima ya kijijini. Mama yangu hakuhitaji mkataba wa dola. Alihitaji mtu wa kumkopesha fedha za hospitali Oktoba kwa riba ya kibinadamu, kushika stakabadhi au ahadi ya kahawa yake, na kumwachia bei ya Juni. Benki nyingi hazipendi mikopo midogo ya namna hiyo. Vikundi vya akina mama vya kuweka na kukopa vinaiweza, na mwaka wa bei nzuri ndio mwaka wa kuvijazia sanduku. Mwanachama akiweka debe moja la maganda kila msimu, kikundi cha watu 30 kina kitu cha kumkopesha atakayeamka usiku na mtoto mgonjwa.

Niwaambie habari ya mtu mmoja, kisha nikae.

Lukole alikuwepo mzee kutoka Muyinga ambaye kila Jumamosi alifika kwenye meza yangu ya sabuni kuniuliza kama redio imetaja bei ya kahawa. Mibuni yake ilikuwa ng'ambo ya mpaka, hajaiona miaka mingi, na hakuwa na hata punje moja ya kuuza. Nilidhani ni mazoea ya uzee. Mara moja nikamuuliza kwa nini anajisumbua. Akanieleza kwa upole, kama anayemfundisha mjukuu, kwamba mibuni yake haijui kwamba amekimbia. Kila mwaka inachanua, inazaa, inaangusha.

Mwaka aliojiandikisha kurudi, siku moja kabla malori hayajaondoka kwenda Kobero, ng'ambo ya mpaka, aliuza blanketi na sufuria yake ya pili, akaja kuniomba nimsindikize kwa fundi wa vyuma. Alinunua msumeno wa kupogolea. Mibuni iliyoachwa bila kukatwa muda wote ule, alisema, itakuwa imekwenda juu kama mikaratusi, haifai kitu mpaka ikatwe kisiki, chini kabisa, magotini. Nikamuuliza itazaa lini. Akapima meno ya msumeno kwa kidole gumba, akasema ikichipua vizuri, msimu wa tatu, na akauzungushia kitambaa asije akamkata mtoto ndani ya lori.